Karatasi za Bajia

Mdogo wangu Mahira hajawahi kukaanga hata bajia moja ya kumlisha mama. Lakini alipotua tu kutoka Maskati, mama yetu akautangazia mtaa mzima wa Ndia Kuu: "Mwanangu amekuja kunichukua! Chanda chema huvikwa pete!" Chanda chema! Na mimi Mwanarusi, ninayemkanda miguu miaka yote hii, ni chanda gani? Kijicho kilinipanda hadi kooni, sisemi uongo.

Safari yenyewe, eti, ni miezi mitatu. Lakini jirani yetu alichukuliwa na mwanawe hivyo hivyo, na mpaka leo twamsikia kwenye simu tu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mama akishaonja kiyoyozi cha watu, atarudi kwenye moshi wa karai langu?

Siku ya safari, Mahira alirudi kutoka kwa Musyoka, mwenye saiba ya kompyuta hapo chini, na pasi mbili za kupandia ndege alizochapisha. Za kwenye simu mama hazitaki. Anataka karatasi aishike mkononi. Mahira akaziweka juu ya meza ya ukumbini, akaenda kuoga. Alipotoka, pasi hazipo.

Mimi nilikuwa barazani nauza bajia. Mahira akanijia mbio, kisha macho yakamtoka. Mteja mmoja ameketi anakula, na kwenye karatasi aliyofungiwa, chini ya mafuta na ukwaju, lipo jina la mama.

"Dada Mwanarusi! Umefanya makusudi! Wivu utakuua!"

"Wivu ninao," nikamjibu, "tena wa kukugawia na mwingine ukabaki. Lakini pasi zako sizijui! Wallahi, ningeziona mimi, ningezitia motoni kabisa!"

Wateja wakacheka. Mahira akalia. Nikaepua karai, tukafuatana kwa Musyoka. Musyoka akabonyeza kompyuta yake, pasi nyingine zikatoka hapo hapo.

"Hata mkitaka kumi, dada zangu," akasema, anatabasamu. Na mimi nilikuwa nikiomba mashine yake ikwame.

Tuliporudi, mama alikuwa ameketi mkekani, miwani puani, mkasi mkononi. Kazi yake ndiyo hiyo kila siku, kunikatia na kuniletea barazani karatasi za kufungia bajia: magazeti, madaftari ya shule, chochote. Lakini leo kando yake palikuwa na kikapu kimejaa karatasi pomoni, na kingine, na mfuko wa unga nao umejaa hizo hizo mpaka haufungiki.

"Mama, ni wewe uliyekata pasi zetu?" Mahira akauliza.

"Pasi gani tena? Mimi nimekata kila nilichokiona mezani. Mwenzio anabaki peke yake, nani atamkatia?" Akanigeukia. "Mwanarusi mwanangu, hizi zitakutosha mpaka nirudi. Zikikwisha kabla, nipigie simu nije."

Nikaketi mkekani, nikauchukua mguu wake, nikaanza kuukanda.

Mahira alibaki amesimama, pasi zake mpya amezikumbatia kifuani.

"Na mimi, mama," akasema polepole, "siku ile naondoka kwenda Maskati, uliniwekea nini?"

Mama aliinamia mkasi wake, akakata karatasi nyingine.