Mwenye Gego Namba Kumi na Saba

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, Daktari alikuwa amelibana gego namba kumi na saba kwa koleo ndogo, akilitoboa taratibu kwa kekee nyembamba ili unga wake udondokee kwenye kichupa. Hodi ikapigwa, akaingia mwanamke ameshika shavu.

"Karibu," alisema Daktari.

"Asante. Nimelifuata jino langu."

"Halijaisha kupimwa. Tia saini hapo, kwenye kitabu cha wageni."

Mwanamke hakujua kuandika, maana alizikwa miaka elfu tatu iliyopita, kwa hiyo aliweka dole gumba. Fundi wa maabara alimjazia saa ya kufika: nne na robo.

Daktari hakuwa daktari wa kutibu. Kaka yake alipenda kuwaambia watu kwamba dada yake kasoma miaka ishirini na mbili na hata mafua hayawezi. Kazi yake ilikuwa kujua wafu walikula nini. Gego huota utotoni, na chakula cha utotoni huacha alama ndani yake. Mashine ikilisoma, husema huyu alinyonya mpaka lini, huyu alikula nyama, na huyu aliisikia harufu tu.

Sasa mashine ilikuwa inasema jambo ambalo Profesa, mkuu wa maabara, hakutaka kulisikia. Profesa alijipatia jina kwa nadharia ya chungu kimoja: kwamba watu wa kale wa kilima yalikofukuliwa magego hayo walikula pamoja, wake kwa waume, sawa kwa sawa. Gego hili, kwa unga wake wa kwanza tu, lilidokeza kwamba wasichana waliondolewa kwenye nyama wangali wadogo. Ijumaa Daktari angeyasoma matokeo hayo mbele ya wageni. Yakikataliwa, mkataba wake usingeongezwa.

"Nyama ulikula?" alimwuliza mgeni.

"Mpaka alipozaliwa mdogo wangu wa kiume. Hapo nikawa na miaka minne. Tangu siku hiyo nyama ni ya wavulana, mimi mchuzi."

Daktari alichungulia mashine. Minne. Hakuna mtafiti aliyewahi kuungwa mkono na sampuli yenyewe! Furaha ilimpanda kutoka magotini, akacheka mpaka miguu ikaachana na sakafu, akaelea kimo cha stuli, meno yote nje.

"Shuka, Daktari," alisema fundi bila kuinua macho. "Unaitikisa mizani."

Alishuka kidogo.

Profesa aliingia, akampa mgeni mkono kwa adabu, akamwuliza habari za safari, kisha akamgeukia Daktari. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Jino moja si utafiti."

Basi Daktari akatoboa mengine kumi na moja. Kila alipowasha kekee, hodi. Kufikia Alhamisi wanawake kumi na wawili walikuwa wamejaa maabara, wakijaribu glavu na kutaniana, na yule wa namba ishirini na tisa, mwenye mdomo mrefu, alimwita Profesa "mume wangu" mpaka mzee wa watu akajifungia ofisini. Siku hiyo Daktari hakukanyaga chini hata mara moja. Alirudi nyumbani akielea, na kaka yake alimkumbusha tu ainamishe kichwa mlangoni.

Ijumaa wanawake wale walikalishwa safu ya mbele ukumbini, kila mmoja na kadi ya namba yake. Daktari alisoma. Kila alipotaja umri, mwenye jino alisimama, akasema "Ndivyo," akaketi. Penye ukweli uongo hujitenga. Alipomaliza ukumbi mzima ulipiga makofi, na Profesa ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Nilikosea," alisema kwenye kipaza sauti, na alifurahi kwelikweli. "Huyu binti kaniangusha, na mkataba wake nautia saini leo leo. Sasa twendeni tukale. Sote pamoja, sawa kwa sawa!"

Vigelegele vikapigwa. Masufuria yakaletwa. Wanawake kumi na wawili waliinuka kwa pamoja, wakachukua sahani, wakaanza kupakua. Wanaume walizipokea wakisema asante, bila kukatiza mazungumzo yao kuhusu magego. Daktari, aliyekuwa bado hewani, alijikuta ana upawa mkononi. Hakukumbuka ni nani aliyempa. Alimpakulia Profesa paja, akampakulia fundi, akampakulia kaka yake, aliyekuja kumsikiliza, mara mbili.

Wanawake wale na Daktari walikula mwisho, jikoni, wameizunguka sufuria, wakicheka mpaka machozi. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha nyama, na wote kumi na wawili waliamua kwamba ni cha Daktari, kwa sababu kazi ilikuwa yake. Alikuwa ndio kwanza anakinyanyua, Profesa akachungulia mlangoni na sahani yake.

"Jamani, kuna nyama imebaki?"

"Ipo," alisema Daktari, akampa.

Mwenye gego namba kumi na saba aliinamisha sufuria, akamjazia kikombe.

"Kunywa mchuzi, mwanangu. Utamu wote uko humu."

Daktari aliunywa wote. Na kweli, utamu ulikuwa humo.