Gari la Mkunga

Göte anaapa kwamba aliona kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa amesimama karibu na meza ya soseji, kule mnadani, wakati waliposukuma ndani gari la kijani, Saab, ya zile za mwanzo kabisa, pacha wa gari la marehemu Sixten. Halikuwaka. Tairi zote zilikuwa zimelala. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kiota cha panya, na dalali hakukificha, alikionyesha kama mtu anayeonyesha pete ya uchumba. Kisha akapaza sauti: "Na injini yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani!" Hapo ndipo watu walipoanza kupandishiana bei. Wanaume wenye makoti ya bei mbaya, wasio na hata tone la grisi kwenye kucha, walinyoosha mikono kama watoto wa shule wanaoomba kwenda chooni. Nyundo ilipogonga, bei ilikuwa bei ya nyumba.

"Nyumba ya ufukweni mwa ziwa," anasema Göte. "Pamoja na sauna yake. Pamoja na gati lake. Soseji ilinianguka mkononi, nakwambia."

Watu wa kijiji cha Hällbo walicheka. Bondeni kila mtu anajua kwamba samaki wa Göte hukua kila anapomsimulia, na kwamba siri ukimpa Göte asubuhi, mchana utaikuta dukani imefika kabla yako. Ylva, mjukuu wa Sixten, naye alicheka, akamwongezea kahawa, akamsogezea sahani ya maandazi ya mdalasini. Alimpenda yule mzee. Lakini kumwamini lilikuwa jambo jingine.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa shangazi yake, Gunvor, anayeishi mjini.

"Umesikia habari za mnada?"

"Nimezisikia kwa Göte, shangazi."

"Basi safari hii hakuongeza chumvi. Nimeona picha kwenye simu yangu. Nimeona na bei. Ylva, mwanangu, nimelazimika kukaa chini."

Ylva naye alikaa, palepale alipokuwa, juu ya kreti la viazi.

Baba yake Ylva alikufa zamani, kwa hiyo babu Sixten alipofariki wakati wa majani kuanguka, vitu vyake vilikuwa vya watu wawili: nusu ya shangazi, nusu ya Ylva. Walikuwa wamekwisha kugawana kwa maneno, mezani jikoni, bila kununiana. Gunvor achukue kibanda cha ziwani. Ylva achukue cherehani, majembe, na "lile rundo la chuma ghalani", kama shangazi mwenyewe alivyoliita, tena kwa kucheka. Kutia saini walisema watatia baada ya theluji.

Lile rundo la chuma Ylva alilijua kwa harufu. Lilinunuliwa na mama yake Sixten, aliyekuwa mkunga wa bonde zima. Nusu ya wazee wa Hällbo walipokelewa duniani na mwanamke aliyeshuka kwenye gari lile na mkoba wake mweusi, Göte akiwa mmoja wao. Majira ya baridi yakikaribia, Sixten alikuwa akiliinua juu ya magogo, akatoa betri, akalifunika mablanketi ya sufu, akaliambia, "Lala, mama." Na mwisho wa Aprili, siku ya mioto mikubwa ya kufukuza baridi, alikuwa akiliamsha. Yeye na Ylva walikwenda nalo hadi ziwani, polepole, madirisha wazi hata kama mvua inanyesha, wakanywa kahawa ya chupa wakitazama barafu ikikatika. Ylva hakukosa hata mwaka mmoja, tangu akiwa mdogo wa kukalia mto wa kulalia ili aone nje. Akiwa jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee anakofanya kazi, anakoroga uji, hiyo ndiyo siku aliyokuwa akiingojea. Mwaka huu angeendesha yeye.

Hata babu alipokuwa hai gari lilikuwa limeanza kuwashinda. Mpira wa dirisha, ambao zamani watu wa chama cha magari ya kale walikupa bure kwa kikombe cha kahawa, sasa uliuzwa kwa bei ya kiatu kizuri. Petroli ya siku hizi, iliyochanganywa spiriti, ilitafuna mipira yote ya ndani. Bima ilipanda. Babu aliuza mashua yake ili gari lipate breki. Yote hayo Ylva aliyajua. Lakini bei ya nyumba? Bei ya nyumba hakuijua.

"Sikunyang'anyi," shangazi alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo kitandani. "Ukilitaka, ni lako. Unilipe nusu yangu tu. Magoti yangu haya hayawezi tena zile ngazi, Ylva. Ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Wiki iliyopita nilikaa njiani na mifuko yangu kama paka aliyefungiwa nje. Kuna nyumba ya chini, ina kibustani."

"Shangazi, nusu hiyo sitaipata hata nikizeeka."

"Najua," Gunvor alisema. "Basi tutauza."

Walikuja wiki ile watoto wanapofunga shule kwa ajili ya theluji. Gunvor alishuka kwanza, kwa taabu, akishikilia mlango. Nyuma yake akashuka mthamini, Bwana Rehnman, mtu mwembamba wa sauti ya chini, mwenye tochi ndogo na glavu nyeupe za pamba. Ylva akawafungulia ghala.

Rehnman aliliondoa blanketi la kwanza. Alipoliondoa la pili, alivua kofia.

"Nani amelipaka rangi hili?"

"Hakuna," Ylva alisema. "Hiyo ni ya siku ileile liliponunuliwa."

"Hakuna aliyelipaka," Rehnman alirudia, taratibu, kama anayesali. Akapitisha kidole chenye glavu juu ya ile kijani iliyochujuka. Akaona doa la kahawa kwenye kiti, akatabasamu. Akaona mahali mkoba wa mkunga ulipokwaruza mlango kwa miaka yote ile, akampigia Gunvor ishara aje aone. "Mama, mkwaruzo huu ni fedha. Tafadhali mtu asije akausafisha."

"Mungu wangu," Gunvor alisema. "Nilipigwa kwa ajili ya mikwaruzo kama hiyo."

Ylva alisimama mlangoni akitazama. Kila Rehnman alipotabasamu, gari lilikuwa likienda mbali kidogo. Nje, ng'ambo ya shamba, watoto walikuwa wakipiga kelele mlimani, na ile mashine ya kamba inayowavuta juu na mbao zao miguuni ilikuwa ikinguruma kama kawaida yake, pop-pop-pop, kikohozi cha mzee mvuta kiko. Sauti hiyo ilikuwa bondeni kabla Ylva hajazaliwa. Masikio yalikwisha kuizoea, hakuna aliyeisikia tena.

Rehnman akafungua boneti. Akainama na tochi. Akakaa ameinama muda mrefu, mpaka Gunvor akakohoa.

"Kuna nini?"

"Samahani." Akafuta kibati kilichokuwa ubavuni mwa injini, akasoma namba, akasoma kwa sauti na ile ya injini iliyopigwa kwenye bodi kiwandani, akarudia. "Samahani sana. Hii siyo injini yake."

"Siyo yake kivipi? Gari linatembea!"

"Linatembea, mama. Ni injini nzuri, ila ni ya gari jingine, lililotengenezwa miaka mingi baadaye. Ile iliyozaliwa nalo imetolewa."

Gunvor alikaa juu ya ndoo. Hakuitazama kwanza kama ni safi. "Baba," alisema, akiangalia dari kana kwamba Sixten amejificha kwenye maboriti. "Baba, ulifanya nini?"

Ylva alishika kizingiti. Alikuwa amekulia ndani ya gari lile, amelisafisha, amelijua kila kona, na babu yake hakumwambia hata neno. Alijiona kama mtu aliyeambiwa kwamba mama aliyemlea siye aliyemzaa. Lakini chini ya mshtuko huo, kitu kingine kilikuwa kikiinuka, cha moto, na aliona aibu nacho.

"Sasa ni kiasi gani?" aliuliza.

Rehnman akataja. Bado zilikuwa fedha. Lakini hazikuwa nyumba tena, wala sauna, wala gati. Hazikufika hata nusu ya nusu.

Gunvor alicheka, kicheko kikavu, akajipangusa macho kwa skafu. "Kumbe rundo la chuma ni rundo la chuma. Haya. Tubaki na tulivyokubaliana, Ylva. Mimi kibanda, wewe gari. Kwa bei hii sina roho ya kugombana nawe juu ya kitu ulichokua nacho tangu utotoni."

"Na nyumba ya chini, shangazi?"

"Aa! Nitapanda ngazi kwa matako kama mtoto, itakuwa mazoezi." Akanyoosha mkono ainuliwe kutoka kwenye ndoo.

Rehnman alivua glavu. Akamwambia Ylva kwa upole, akiwa karibu na gari alilokuja nalo, "Injini kama hizo watu walizitupa mitoni. Lakini ikipatikana, popote, hata iwe na kutu, nipigie siku hiyohiyo. Gari hilo likirudishiwa moyo wake litapita lile la mnadani." Akaondoka. Gunvor alibaki, atarudi na basi la jioni. Aliingia jikoni kutafuta kahawa.

Ylva alihitaji hewa. Alichukua maandazi ya krimu aliyowatengenezea watoto, akavuka shamba, theluji ikimfika magotini, kwenda mlimani.

Göte alikuwa ndani ya kibanda cha mashine, moshi wa buluu umemzunguka, kofia ya sufu imeegemea sikio moja. Huko ndiko anakoshinda kila majira ya baridi, anavuta watoto wa watu bure na kuwatania kila wanapoanguka.

"Enhe! Tajiri amekuja kwa miguu!" alimpokea. "Nilimwona mtu wa glavu. Kasemaje? Nikufungulie mlango siku hizi, au niiname kabisa?"

"Injini siyo yake, Mzee Göte. Ilibadilishwa. Bei imekufa."

Göte aliacha kutania. Alimtazama Ylva, kisha akageuka, taratibu sana, akaitazama mashine iliyokuwa ikitikisika juu ya vigogo nyuma yake. Pop-pop-pop. Akachukua kitambaa, akapiga magoti, akasugua mahali ambapo mafuta yalikuwa yameganda kama lami. Kikatokea kibati.

Ylva aliinama aisome. Namba ile alikuwa ametoka kuisikia ghalani, Rehnman akiisoma kwenye bodi.

Sauti ile. Maisha yake yote alidhani injini zote za bonde hukohoa hivyo.

"Ee Mungu wangu wee," Göte alinong'ona. "Mwaka ule trekta la kuvuta kamba lilikufa, watoto wakalia. Babu yako akaja na hii kwenye sledi, akiiburuta juu ya theluji. Akasema, 'Nimepata nyingine kwenye gari lililogonga mti, hii ya mama iwavute watoto. Yeye ndiye aliyewaleta duniani.' Nilisahau, Ylva! Mimi nisahau kitu! Naizima kila jioni kwa mkono wangu huu, nimekwenda mnadani, nimemsikia yule dalali, na sikuwaza!" Akasimama, macho yamejaa maji, akashika spana. "Naifungua leo. Naileta mwenyewe kwa sledi, kama ilivyokuja. Nyumba yako imerudi, binti! Sauna yako imerudi!"

"Ngoja. Na watoto?"

"Wapande kwa miguu! Sisi hatukupanda kwa miguu? Wataacha kunenepa." Akachungulia dirishani. "Tena huyo hapo Gunvor anakuja. Tazama anavyotembea, maskini, kama anakanyaga mayai. Ngoja nimwambie mimi, nimwone anavyoruka."

Ni kweli. Gunvor alikuwa katikati ya shamba, chupa ya kahawa mkononi, akifuata nyayo za Ylva, anasimama kila baada ya hatua chache kupumzisha magoti. Alikuwa akitazama juu, mlimani, alikojifunzia kuteleza akiwa mdogo. Alitabasamu peke yake.

Ylva alimtazama. Aliziona zile ngazi za ghorofa ya tatu. Akaiona na barafu ikikatika ziwani, na usukani mwembamba mikononi mwake. Kisha akafunga mlango wa kibanda, na moshi wa buluu ukawafunika wote wawili.

"Mzee Göte," alisema, na hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Nakuomba. Usimwambie."

Spana ilibaki hewani. Mdomo wa Göte ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza tangu Ylva amjue, haukuwa na neno ndani yake. Injini ilikohoa. Kamba ilizunguka, ikapandisha mtoto, ikapandisha mwingine.

Nje, buti zilikung'utwa theluji, moja, kisha nyingine.

"Göte!" Gunvor aliita kwa furaha, akipiga mlango kwa chupa. "Wewe mzee mropokaji, bado hujafa? Fungua, nimekuja na kahawa!"