Wajukuu Sita wa Fundi Mwashi

...na simu inaita tu, mara ya tisa, ya kumi, wodini nani ana haraka na simu saa nane mchana, nimeibana kwa bega ili mikono ibaki kwenye kibodi, ingawa mikono yenyewe haifanyi chochote, imekaa, na kwenye kioo faili liko wazi, mwanamume, fundi mwashi, miaka thelathini na mmoja, na chini yake daktari ameandika, mama huyu ni mjane mwenye wajukuu sita, anatembea kwa mkongojo, ana saratani ya pafu la kushoto, sehemu ya juu, aanze dripu za dawa ya saratani... mama huyu, wajukuu sita, miaka thelathini na mmoja, labda alianza kuzaa akiwa chekechea, ningecheka kama nisingekuwa nimeshalipitisha, leo saa tatu na dakika kumi, nikaliwekea msimbo, ile namba ya ugonjwa, wa saratani ya pafu, jina langu pembeni, kwa sababu faili la mjane mwenyewe lilitangulia kidogo, daktari akayanakili maelezo yake akayabandika kwa fundi, nami nikaona sentensi niliyotoka kuisoma, vidole vikaenda vyenyewe, sikufika hata kwenye wajukuu, na humu ofisini wananiita Mashine, wakidhani wananisifu...

"Mashine, faili zimebaki ngapi?" Msimamizi huyo, macho kwenye kikombe chake.

"Kumi na nne, bosi."

"Na simu ya nini tena? Au umepata mchumba wodini?"

Wenzangu wanacheka, nami nacheka kidogo, ni rahisi kuliko kujibu, kumi na nne, macho yanawasha, tangu asubuhi nimesoma mapafu ishirini na sita, kulia, kushoto, juu, chini, na ningelipita faili hili la fundi nisilione tena maishani kama karatasi ya maabara isingechelewa kuingia, imeingia sasa hivi baada ya chakula, kinyama kilichokatwa pafuni, hakuna seli za saratani, kuna kifua kikuu... kifua kikuu, vidonge miezi sita na anarudi kwenye matofali yake, lakini mimi siruhusiwi kusoma maabara nikajifanya daktari, tangazo liko ukutani, andika alichoandika daktari, penye utata uliza, na ukiuliza usimlishe maneno, yaani siwezi hata kumwambia daktari hiki ni kifua kikuu, napaswa kusema tafadhali fafanua, kana kwamba sijui kusoma...

"Haloo, wodini."

"Sista, shikamoo, ni wa chumba cha mafaili, namtafuta daktari wa kifua."

"Marahaba. Yuko kwa mgonjwa, subiri hapo hapo, usikate, mama."

Sikati, nasikia anauweka mkono wa simu mezani, magurudumu ya kitanda yanapita, mtu anaomba maji, na mimi nahesabu, saa tatu nilipitisha, saa tano printa ilitoa orodha ya dripu, orodha haisomi maelezo, inasoma misimbo tu, halafu dada wa mapokezi anapiga simu namba moja baada ya nyingine kwa ile sauti yake ya upole, njoo Jumatatu kliniki ya dripu, njoo na ndugu yako mmoja, neno lenyewe halitaji, hatakiwi kulitaja, lakini nani haelewi ukiambiwa uje na ndugu, kwa hiyo tangu saa tano fundi anajua, sasa hivi pengine ameshuka kwenye jukwaa amekaa juu ya mfuko wa saruji, pengine ameshampigia kaka yake, kaka kampigia mama yao... kwa baba yangu ilikuwa kinyume, ugonjwa mkubwa ulipewa jina dogo, miezi minane faili lake liliandikwa kikohozi, kikohozi, kikohozi, kila aliyemwona alinakili neno la aliyemtangulia, na baba akirudi nyumbani anasema, "Wamesema kikohozi tu, mwanangu, niache nilale," akalala ameketi, mto mgongoni, kwa sababu kulala chali kulimkaba, na baada ya mazishi nikaenda na dada yangu kuuliza ni nani, nani hakumpeleka mapema kupigwa picha ya kifua, karani akafungua faili akatuonyesha, alikuwa mpole, akasema kila mmoja aliandika alichokikuta, hakuna pa kumshika mtu, nikamchukia yule karani miaka yote hii, mtu ambaye hata hakumgusa baba...

"Bado yumo ndani, mama," sista amerudi. "Au niandike ujumbe? Nyie wa mafaili mkipiga huwa kuna kosa, niseme daktari kakosea nini?"

Kakosea nini, ndiyo, hilo ndilo nililokuwa nalisubiri, tangu nishike simu hii, na si ufafanuzi, fomu ya masahihisho iko mbele yangu, namba ya faili nimeshajaza, kosa nimeshajaza, mstari wa aliyekosea uko wazi, nilikuwa nangoja aje kwenye simu aseme ah, nilibandika vibaya, nipate jina lake la kuandika, na makosa yangu ya mwezi yabaki mawili, yakifika matatu unaitwa ofisini, na mkataba unaisha mwezi ujao, na msimamizi huyu anayetania wachumba hatatania siku hiyo... yeye alibandika, ni kweli, lakini wajukuu sita walipita mbele ya macho yangu, na nisipojaza mstari huu fomu haiendi, na fomu isipoenda dada wa mapokezi hana ruhusa ya kumpigia fundi tena, daktari atatoka kwa mgonjwa saa ngapi, na huko kwa fundi kuna mama yake anayelia sasa hivi...

"Mama? Upo?"

"Nipo, sista," nasema, simu ingali begani, na kalamu, kwenye mstari wa aliyekosea, imeshaanza herufi ya kwanza ya jina langu.