Nafasi ya Doudou Mstarini

Mbombo alikuwa hajamaliza mwaka Brussels, tangu atoke kwao Likasi, aliponaswa kwa kamba. Alikuwa amesimama kando ya barabara katika mtaa wa Anderlecht akitazama karnivali ya watu wa Sardinia, wale waliokuja kutoka kisiwani kwao kuchimba makaa ya mawe ya Ubelgiji. Wanaume kumi na wawili walipita kwa mistari miwili, wamevaa ngozi nyeusi za kondoo na vinyago vyeusi vya mti, migongoni wamefungwa kengele nzito za ng'ombe. Hawakusema neno. Waliruka kidogo, wote pamoja, kengele zikalia kwa pigo moja. Kisha kimya, kisha tena. Kandokando yao walitembea wenye koti jekundu na kamba, ambao kazi yao ni kuwanasa wanawake kati ya watazamaji na kuwatakia afya. Gavino, mkuu wa chama chao, alimrushia Mbombo kamba, akamvuta, akambusu shavuni. Jioni, vinyago vilipovuliwa na divai ikamiminwa, mmoja wa wale waliokuwa kimya alikuja kumwuliza jina. Huyo ndiye Bachisio. Wakaoana.

Mtoto wao Doudou alikua akisikia kengele hizo. Kila Januari baba alizishusha kutoka juu ya kabati ili kupaka mikanda yake mafuta, na mwana akajifunza hatua kwenye korido ya nyumba, mpaka Wout, jirani wa chini, akawa anagonga dari kwa ufagio.

Mwaka 2003 mmoja wa wale kumi na wawili alikufa. Doudou alikuwa na miaka kumi na tisa, mabega yake mapana kuliko ya baba. Alikwenda chamani kuomba nafasi ile. Mbombo alikuwepo, akikaanga maandazi ya karnivali pamoja na wake wa wanachama.

"Kijana mzuri," Gavino alisema. "Lakini hili ni jambo la kijiji. Uso ulio chini ya kinyago lazima uwe wetu."

"Nani atauona, kama umefunikwa?" Doudou aliuliza.

"Sisi tutajua."

Doudou alimgeukia baba yake. Bachisio alikuwa ameinama akikaza mkanda wa kengele. Aliukaza, akaulegeza, akaukaza tena. Hakuinua kichwa. Mbombo aliyaona yote, mwiko mkononi, mafuta yakiungua, na yeye pia hakufungua kinywa. Jumapili ile walitoka kumi na mmoja, mstari mmoja ukiwa na pengo.

Doudou alihamia Lyon. Alipiga simu kila Krismasi, na baba akipokea, alisema tu, "Maman yuko?"

Miaka kumi baadaye Gavino alifika nyumbani kwa Mbombo na Bachisio kwa kujikongoja na fimbo. Wengi walikuwa wamekufa, wengine hawakuweza tena kusimama. Waliobaki kuvaa kengele walikuwa wanne, na mmoja wao ni Bachisio, ambaye mapafu yake yalishaliwa na vumbi la mgodi.

"Mwiteni mtoto," Gavino alisema. "Nafasi sasa zipo."

Mbombo alitaka kumfukuza. Lakini aliuona uso wa mumewe, jinsi ulivyochangamka ghafla, akachukua simu.

"Doudou, mutoto yangu, papa anaomba ukuje karnivali. Bale bazee bamekubali."

"Bamekubali nini, maman?"

"Uvae kinyago."

"Bon. Ubaambie mimi niko mweusi bado."

"Papa yako ni mugonjwa."

"Siku ile alikuwa muzima. Muzima kabisa, maman, na hakusema kitu."

Mbombo alikata simu. Alimwambia mumewe kwamba kazi imembana kijana.

"Basi nitavaa mimi," Bachisio alisema, na hakusikia tena la mtu.

Mvua ilinyesha siku ya karnivali. Wazee wanne waliruka kila mmoja kwa wakati wake, kengele zikalia ovyo. Mbele ya duka la kebabu Bachisio aliruka, uzito ukamvuta nyuma, akaanguka chali. Kila alipohangaika kuvuta pumzi, kengele zililia chini yake. Watu wakapiga picha kwa simu, na mmoja alipiga makofi, akidhani ni sehemu ya mchezo. Mbombo alikimbia akamvua kinyago. Midomo ilikuwa ya kijivu.

Doudou alikuja kutoka Lyon, akamkuta baba yake hospitali, mpira wa oksijeni usoni. Bachisio alimtazama mwanawe, akachezesha midomo.

"Anasema nini?" Doudou aliuliza.

Mbombo aliinama. Alisikia hewa tu. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwatungia hawa wawili maneno ya kupelekeana, salamu ambazo hakuna aliyezituma. Sasa alitafuta moja, hakuipata.

"Sijasikia," alisema.

Bachisio alikufa kabla ya wiki kwisha.

Baada ya mazishi Gavino alimshika Doudou mkono. "Chama tumekifunga. Kengele ni zako."

"Si za kijiji?" Doudou alisema, akatoa mkono wake taratibu.

Nyumbani Mbombo alikuwa amepika bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo. "Kula kwanza," alimwambia.

"Treni, maman."

"Alors, utarudia siku gani?"

"Nitapiga simu."

Alimbusu mama yake paji la uso, akashuka ngazi. Mbombo alisimama dirishani mpaka mwanawe alipokata kona. Hakugeuka. Bukari ilikuwa inapoa mezani, kando ya sahani tatu; ya Bachisio aliiweka kwa mazoea.