Ufunguo wa Trekta Kubwa

Karatasi ilikuwa bado imebandikwa pale pale kwenye ukuta wa karakana, kando ya sanduku la huduma ya kwanza, na Mama Mizani alikuwa amejizoeza kupita mbele yake bila kuitazama. Iliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: ZIMA INJINI. CHOMOA UFUNGUO. Chini yake meneja aliongeza kwa kalamu kwamba mwenzetu mmoja aliyapuuza haya, na sote tunajua yaliyompata. Jina hakuliandika. Shamba zima lilijua kwamba huyo mwenzetu mmoja alikuwa mume wa Mama Mizani.

Marehemu ndiye aliyekuwa akipima mashine za kumwaga mbolea kila msimu ulipoanza, na jina la Mizani walimpa kwa sababu hakuwa mtu wa kukadiria. Ukimwambia "kama kilo nane hivi", atakuuliza hiyo "hivi" ina gramu ngapi. Alipofariki, kazi ilikosa mtu. Mkewe, aliyekuwa mtunza stoo, ndiye pekee aliyekuwa ameyasikia maelezo yake yote, kila siku mezani, atake asitake. Meneja akamkabidhi mizani, ndoo na daftari, na watu wakamwita Mama Mizani. Alilipokea jina hilo kama koti la kurithi, linabana lakini hana jingine.

Na tuseme ukweli, alikuwa amemnunia marehemu. Watu walidhani ule ukimya wake ni majonzi, kumbe nusu yake ilikuwa hasira. Mume wake alikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: mwenye mkono kwenye mashine ndiye mwenye ufunguo. Kabla ya kuigusa, alikuwa akizima trekta, anachomoa ufunguo, anauvaa shingoni kwa kamba nyekundu aliyosukiwa na mama yake, kisha anautumbukiza ndani ya shati. Alilirudia sharti hilo mpaka wenzake wakawa wanamwigiza wakati wa chai. Halafu siku moja ya manyunyu, mtu huyo huyo akaenda kuzibua mashine injini ikiunguruma, shafti ya nyuma ya trekta, ile inayozungusha mashine, ikamnasa koti la mvua, na koti likamvuta yeye. Mdogo wake ndiye aliyemkuta. Ndiye aliyesema, mbele ya meneja na mbele ya mama yao, kwamba trekta lilikuwa linawaka na ufunguo uko mahali pake.

Hospitalini aliishi mpaka saa kumi jioni. Alikuwa akirudia neno moja, "Ninao, ninao," huku akipapasa kifua kwa mkono uliobaki. Mkewe, kwa hofu na uchungu, alimjibu, "Ungekuwa nao tungekuwa nyumbani saa hizi." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia. Muuguzi alimpa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, wenye nguo zilizokatwa kwa mkasi. Hakuufungua. Aliusukuma nyuma ya kabati, na kila alipofagia aliuzunguka kwa ufagio.

Asubuhi hii mbingu ilikuwa imenuna, lakini ardhi bado ilikuwa kavu. Mashine ilikuwa imefungwa nyuma ya trekta kubwa, pembeni mwa shamba. Shemeji yake, huyo mdogo wa marehemu, alileta mifuko ya mbolea kwa trekta dogo, akaliegesha kando, akashuka kwa kuruka. Walimwita Chapchap. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kusaidia, na tangu msiba hakuwahi kukosa hata Jumapili moja nyumbani kwa mama yake na shemeji yake. Akija alikuwa anatengeneza bomba, anabeba kuni, anakula kidogo, anaondoka mapema.

"Shemeji, tuipime haraka," alisema. "Meneja amepiga simu mara mbili. Mvua hiyo inakuja."

"Mvua inakuja na mbolea hii si ile ya mwaka jana. Punje zake ndogo. Nikiacha kilango cha kutolea mbolea palepale, tutaunguza mahindi."

"Aa, Mama Mizani! Umekuwa kama bwana'ko mtupu."

 Mama Mizani alivaa glavu, miwani na barakoa, kisha akaondoa kimoja kati ya visahani viwili vya chini vinavyorusha mbolea, ili mbolea ya upande ule idondoke wima kwenye ndoo. Hesabu alikuwa nayo kichwani: kwa mwendo wao na upana wanaomwagia, kilo mia mbili kwa hekta, kila upande unatakiwa utoe kilo nane kwa nusu dakika. Alisogea mbali, akainua saa. Chapchap akawasha, akavuta wenzo, mbolea ikashuka, na sekunde thelathini zilipotimia akafunga. Mama Mizani alitundika ndoo kwenye mizani, akatoa uzito wa ndoo yenyewe. Kilo tisa na nusu.

"Umeona?" alisema. "Hapo ni zaidi ya kilo thelathini za ziada kwa kila hekta."

Alibana kilango alama mbili, wakarudia. Safari hii zilitoka kilo tano na kitu, na hiyo haikuwezekana. Bila shaka kulikuwa na bonge limeganda juu ya tundu. Alimwonyesha Chapchap ishara ya kuzima, akaenda mwenyewe mpaka kwenye kiti, akanyoosha mkono. Chapchap alimpa ufunguo huku akitabasamu kama mtu anayempa mtoto peremende. Mama Mizani aliutia kamba, akauvaa shingoni, akautumbukiza ndani ya gauni la kazi, akarudi nyuma. Hakutumia mkono. Alichukua fimbo, tabia hiyo nayo aliachiwa na marehemu, akainama, akaanza kuchokoa bonge kutoka chini.

Tone la kwanza la mvua lilimpiga shingoni. Alimsikia Chapchap akisema jambo kuhusu kusogeza trekta chini ya mti, mbolea isilowe. Hata hakulitilia maanani. Ufunguo si alikuwa nao?

Injini iliwaka.

Fimbo ilimtoka mkononi. Kisahani kilichobaki kiliipiga ikakatika vipande viwili, na kimoja kikapita karibu na sikio lake. Alianguka kwa makalio kwenye majani, akajivuta nyuma kwa viwiko, akipiga kelele ambazo hakuzisikia mwenyewe. Injini ikazimwa. Chapchap alikuja mbio, uso umemshuka.

"Shemeji! Nisamehe, nisamehe! Nilijua umeshatoka hapo. Nilitaka kusogeza kidogo tu. Umeumia?"

Mama Mizani alitia mkono ndani ya gauni. Ufunguo ulikuwepo, umepata joto la mwili wake. Akautoa, akautazama, akamtazama shemeji yake.

"Umewasha na nini?"

"Na huu wa trekta dogo," alijibu Chapchap, bado anahema. "Haya matrekta ni ya kampuni moja, ufunguo wa hili unawasha lile. Mbona mimi kila siku..."

Hapo akaufumba mkono wenye ufunguo. 

Mvua ilikuwa bado haijaamua kunyesha. Mama Mizani alibaki ameketi kwenye majani, na kitu cha kwanza kilichomjia akilini hakikuwa kilio wala tusi, kilikuwa ni daftari lake la stoo. Wiki moja baada ya mazishi, yeye mwenyewe, akiwa amevaa nguo za msiba, aliandika kwa mkono wake: ufunguo mpya mmoja, trekta dogo, wa zamani umepotea. Chapchap alikuwa amesaini upande wa kulia. Alimwonea huruma siku ile, akamwambia asijali, msiba humchanganya mtu.

"Kumbe haukupotea," alisema taratibu. "Ule uliokutwa kwenye trekta kubwa siku ile ndio ulikuwa wa trekta dogo."

Chapchap alichuchumaa. Hakujaribu hata kudanganya, na labda hilo ndilo la pekee la kumsifu siku hiyo.

"Trekta kubwa lilikuwa limenizibia njia," alisema. "Nilimwita, hakuitika. Nikadhani ameenda kunywa chai. Nikasema nilisogeze, nipite. Shemeji, haki ya Mungu sikumwona. Alikuwa ameinama nyuma ya mashine."

"Na baadaye ukamwona."

"Nikamwona."

"Ukatuambia alikuwa ameacha injini inawaka."

"Ilikuwa inawaka! Ufunguo ulikuwa mahali pake! Niliogopa. Halafu likishatoka mdomoni, nilirudishe vipi? Mama alikuwa ameshampoteza mmoja. Nikasema nikisema ukweli atatupoteza wote wawili."

"Kwa hiyo ukamwachia mama mtoto mmoja mzembe na mmoja mwema." Mama Mizani alisimama. "Mama yako ameacha kwenda kwenye mikutano ya wanawake kwa sababu ya karatasi ile ya karakana. Unalijua hilo. Umekuwa ukila kwake kila Jumapili, unalijua."

Chapchap aliinamisha kichwa akalia, mikono imefunika uso. Siku nyingine Mama Mizani angemshika bega. Leo alimnyooshea mkono wazi, naye akauweka ufunguo wa trekta dogo juu ya kiganja. Mama Mizani aliufunga kwenye kamba moja na ule mwingine, akauvaa.

Kisha alimaliza kazi. Msimsifu kwa hilo wala msimshangae, hakujua la kufanya na mikono yake. Alitafuta kijiti kingine akatoa bonge, akamrudishia Chapchap ufunguo kwa muda wa nusu dakika na kumnyang'anya tena, akapima. Kilo nane na gramu hamsini. Akapima upande wa pili, akaandika alama ya kilango kwenye daftari, tarehe, na aina ya mbolea. Alizoea kuandika "sawa" mwishoni mwa ukurasa kama marehemu alivyokuwa akiandika. Leo kalamu ilikataa.

"Kesho utamwambia meneja," alisema. "Leo utamwambia mama."

Mvua ilianza kweli walipokuwa njiani. Walitembea yeye mbele, shemeji nyuma. Nyumbani walimkuta mama mkwe ameketi karibu na dirisha la jikoni, anachambua maharage kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamemwishia mwaka uliopita. Alitambua hatua zao.

"Leo si Jumapili," alisema. "Kuna nini?"

Mama Mizani alienda chumbani, akavuta kabati, akatoa mfuko wa nailoni. Ulikuwa na vumbi, na fundo lilikuwa gumu, akalikata kwa meno. Ndani kulikuwa na koti la mvua lililochanika, shati lililokatwa katikati, na damu iliyokuwa imegeuka rangi ya kutu. Alikunjua shati polepole. Kwenye mshono wa ukosi, kamba nyekundu ilikuwa imenasa, imekatwa na mkasi wa hospitali, na mwishoni mwake ufunguo ulikuwa bado unaning'inia.

Alikaa chini kwenye sakafu. Ninao, alikuwa amesema. Amesema mara nyingi, kwa pumzi za mwisho, hakuomba maji wala hakuomba dua, alitaka tu mkewe aamini kwamba alikuwa nao. Naye akamjibu vile. Alilia akiwa ameziba mdomo kwa lile shati, mpaka aliposikia mama mkwe akimwita kutoka jikoni, akiuliza mbona watu wako kimya ndani ya nyumba yake.

Akajifuta uso, akarudi. Chapchap alikuwa amesimama mlangoni, nguo zinachuruzika maji, hathubutu kuingia wala kuondoka. Mama Mizani aliweka ufunguo na kamba yake kwenye kiganja cha shemeji yake, akakikunja kwa vidole vyake mwenyewe.

"Mpe mama," alisema.

Chapchap alipiga magoti mbele ya mama yake na kuuweka ufunguo kwenye sinia, juu ya maharage. Mama alipapasa, akakuta chuma baridi, akapita nacho mpaka kwenye kamba, na vidole vyake vikaanza kwenda polepole juu ya msuko, nyuzi tatu, fundo, nyuzi tatu, fundo.

"Hii niliisuka mimi," alisema. Aliishika muda mrefu. Kisha akauliza, bila kujua anamuuliza nani, "Ilikuwa wapi?"

"Shingoni mwake, mama," alijibu mkwe wake.

Uso wa mama ulikunjuka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akaubana ufunguo kifuani. "Kumbe alikuwa nao," alisema. "Nilijua. Mwanangu hakuwa mzembe." Halafu akageuza uso kuelekea mahali alipopiga magoti yule mwingine, ambaye pumzi zake zilikuwa zinasikika chumba kizima. "Sasa na wewe, baba, unalia nini?"