Mgongo wa Chuma

Kwenye skrini, kipande cha chuma chenye ngazi mbili na tundu ubavuni kiligeuka kila Mama Darasa alipokisukuma kwa kipanya. Alikizungusha mpaka kikafanana na jibu la tatu, akabofya. Sahihi. Kwenye mazoezi alipata sahihi kila siku, lakini mtihani wa michoro ya kihandisi ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Akianguka tena, ni kufungasha virago na kuondoka chuoni.

Wenzake walimwita Mama Darasa, maana wengi wao alikuwa na umri wa kuwatuma dukani. Utani huo alishauzoea. Asichokizoea ni uchovu: asubuhi kuwavalisha watoto, mchana mihadhara, jioni maabara ya kompyuta yenye feni inayokoroma. Alichoka hadi kwenye mifupa, akaanza kuamini kwamba kichwa chake kilizaliwa bapa kama karatasi.

Mwalimu wa michoro alikuja kusimama nyuma yake, naye macho mekundu kwa kusahihisha.

"Mama, hebu toa mkono kwenye hicho kipanya."

"Nikitoa, Mwalimu, nyuma ya hiki chuma nitapaonaje?"

"Ndiyo shida yenyewe. Kipanya ndicho kinachofanya mazoezi, wewe unakisindikiza tu. Jibu kwanza, halafu ndiyo uzungushe uhakikishe."

"Si nitakosa yote?"

"Kosa. Bora ukose hapa."

Akakosa kweli. Siku ile na zilizofuata kompyuta ilimsuta kwa rangi nyekundu, mpaka jioni moja akalia, akasingizia mafua. Ila maji alishayavulia nguo.

Siku ya mtihani hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na karatasi tu, na umbo lililochorwa, halitikisiki. Alifumba macho. Giza. Akangoja, akiwaza atawaambia nini watoto. Kisha, polepole, tundu likasogea pembeni, likapotea. Ngazi zikamgeukia, na mgongo wa chuma ukaanza kujitokeza.

"Mama," Mwalimu alisema, amesimama karibu naye. "Mikono juu ya meza, tafadhali."

Alifumbua macho kwa fedheha. Mikono yake ilikuwa chini ya meza, imeshika hewa, inageuza. Aliipandisha mbele ya darasa zima, mitupu, vidole bado vimekunjika kwenye kingo za kitu kisichokuwapo. Mtu akacheka. Hakumjali. Aliogopa tu asije akakiangusha.