Mawe Matatu ya Sala Ndefu

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Hema hakuwahi kufumba macho wakati wa sala, na ndiyo maana alikuwa wa kwanza kugundua kwamba kiongozi wa safari naye hafumbi.

Jina hilo alipewa kwa kazi yake. Alishona mahema na makoti ya mvua kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, penye cherehani mbili, meza ya kukatia na harufu ya mpira iliyogoma kutoka hata ufungue madirisha yote. Kila mshono aliumwagia maji kabla ya kumkabidhi mteja. Likipenya hata tone moja, anafumua na kuanza upya. Watu walisema mama yule hamwamini mtu, hata uzi, na hawakumsingizia.

Mumewe alifia mlimani. Alikwenda na kikundi cha wapanda mlima, wakafika mtoni, kiongozi wa siku hiyo akasema, "Mungu atatutunza." Wakaomba, wakaingia majini, mto ukawashukia ghafla. Wanane walikwenda, watano wakarudi. Tangu hapo Mama Hema akimsikia mtu anasema Mungu atatutunza, humwangalia miguuni kwanza, aone amevaa viatu gani.

Sasa binti yake wa pekee, mwanakwaya, alikuja na habari kwamba kwaya nzima inapanda mlima uleule kwenda kuona maporomoko.

"Tuna kiongozi mcha Mungu, mama. Tunamwita Sala Ndefu. Kila mto anaomba mpaka magoti yanauma."

"Basi na mimi naenda."

"Mama! Ni safari ya vijana."

"Kwani nani kakwambia mimi mzee?"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama Hema alipanda mlima ule akiwa ameshtuka tangu hatua ya kwanza. Msimu wenyewe ulikuwa kigeugeu: asubuhi jua la kuanika nguo, mchana mbio za kuzianua. Sala Ndefu alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, asiyecheka ovyo, na begani alining'iniza kifuko cha turubai ambacho hakumruhusu mtu kumbebea. Upole wake ulimtia Mama Hema wasiwasi zaidi. Mtu asiye na kitu cha kuficha, alijiambia, hukasirika mara mojamoja.

Kwenye mto wa kwanza wote walishikana mikono na kuinamisha vichwa. Mama Hema alibaki macho wazi kama kawaida yake. Akamwona kiongozi amepiga magoti kando ya maji, amewapa mgongo kidogo. Mkono ukaingia kwenye kifuko, ukatoa kitu, ukakiweka chini. Midomo inaomba, macho yamekodolea palepale. Iliposemwa amina, mkono ukazoa haraka na kurudisha kifukoni.

"Ana lake jambo huyu," alimnong'oneza binti yake wakivuka.

"Na wewe ulikuwa unachungulia nini, mama?"

Mama Hema akaukazia macho mgongo wa kiongozi.

Walipopumzika ili wale, Sala Ndefu alitangulia kukagua njia, kifuko akakiacha kwenye tawi. Wanakwaya walikuwa wanaimba na kugombania mayai ya kuchemsha. Mama Hema akajisogeza, akafungua. Ndani mlikuwa na kitambaa kilichofungia mawe matatu ya ukubwa wa yai, yamepakwa rangi nyeupe pande zote.

Uganga! Mtu anawafumbisha watoto wa watu macho kwa jina la Mungu, kumbe anatega mawe yake. Hakusubiri. Aliyatupa kichakani, moja baada ya jingine, akarudi kukaa na kumenya yai lake. Ukweli usemwe, alijisikia vizuri sana.

Mto wa pili ulikuwa mwembamba, maji ya kufika kifundo cha mguu, na mbingu juu yake haikuwa na hata uzi wa wingu. Mama Hema aliutambua kwa maelezo tu, kwani ndio uliomchukua mumewe.

Sala Ndefu alipiga magoti, akaingiza mkono kifukoni. Akapapasa. Akatoa kitambaa kitupu, akakikung'uta, akasimama.

"Hatuvuki," alisema.

"Kwa nini?" kwaya ililalamika. Maporomoko yalishaanza kusikika. "Maji haya hata kuku anavuka!"

"Nimesema hatuvuki."

Binti alikuwa tayari amevua viatu, ameviweka ukingoni. Alicheka. "Jamani, dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yako wapi? Twendeni, Mungu yupo." Akatia mguu majini.

"Toka humo!" Mama Hema alipiga ukelele uliomshtua hata yeye. Binti akatoka. Watu wote walikuwa wanamtazama, na hapakuwa na pa kujificha. "Mawe yako nimeyatupa mimi," alimwambia kiongozi. "Nilidhani ni uganga."

Kiongozi hakukasirika hata hapo.

"Ni ya kupimia maji, mama. Naliweka moja pale maji yanapoishia, mengine juu yake kidogo, halafu naomba. Nikifika amina na la kwanza bado kavu, tunavuka. Likifunikwa, ujue huko juu tusikoona mvua inanyesha, na maji yako njiani."

"Jiwe lolote si lingefaa? Yamejaa hapa."

"Yote meusi. Likizama, moyo unaotaka kuvuka utakwambia lilikuwa lile lingine. Jeupe halikupi nafasi ya kujidanganya."

Mama Hema aliyatazama maji. "Ndiyo maana sala zako ndefu?"

"Mungu anasikia hata fupi. Mto ndio unaotaka muda." Akainama. "Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuwa mbeba mizigo hapahapa. Tuliomba wote tumefumba macho. Tulipofumbua tukaangalia ng'ambo tunakokwenda. Hakuna aliyeangalia maji."

Mama Hema akasema, "Mume wangu alikuwa kwenye safari hiyo."

Mama Hema aliingiza mkono mfukoni. Fundi haendi popote bila chaki. Akachora mistari mitatu myeupe kwenye mwamba, wa kwanza palepale maji yanapolamba, akachuchumaa mbele yake.

"Haya, omba. Na leo fumba macho. Mimi naangalia."

Akafumba. Aliwaombea wanakwaya, akawaombea wazazi wao, akawaombea waliokwenda wasirudi. Mstari wa kwanza ukalowa. Huenda ni kiwimbi, Mama Hema alijiambia, na hapohapo akajikamata: hivi ndivyo moyo unavyodanganya. Mstari wa kwanza ukatoweka. Maji yakagusa wa pili.

"Amina!" alipaza sauti, akimkata kiongozi katikati ya sentensi.

Sala Ndefu hakuuliza. "Juu! Wote juu!"

Walipanda kingo kwa mikono na magoti, Mama Hema amemkamata binti yake mkono kama mtoto wa miaka mitatu. Kwanza ulikuja mngurumo, kisha maji mekundu yenye magogo ndani yake. Yalifunika mwamba, chaki na vyote. Viatu vya binti vilizunguka mara moja, vikaenda. Juu yao jua liliendelea kuwaka.

Binti alitazama nyayo zake tupu, akaanza kulia. Mama yake naye akalia, waziwazi, mbele ya kwaya nzima.

Maporomoko hawakuyaona. Alasiri waliteremka, binti amefungwa miguuni vitambaa vya turubai vilivyokatwa kwenye koti la mama yake, mpaka wakafika tena mto wa kwanza. Sala Ndefu alipiga magoti.

"Nani anaangalia?" aliuliza.

Mama Hema alikwishatoa chaki. Binti akaichukua mkononi mwake, akachora mistari mitatu, akachuchumaa.

"Mimi."

Sala ikaanza. Mama Hema aliinamisha kichwa, akafumba. Halafu akafumbua jicho moja kuhakikisha kwamba binti anaangalia mistari kweli, si vipepeo.

"Mama," binti alisema bila kugeuka. "Fumba. Nipo."

Akafumba yote mawili, na hakuyafumbua mpaka amina.